Hawahami mrengo, wanamtoa aliyepo

Mhariri, mmeuliza kwa nini wapiga kura wa Amerika ya Kilatini wanayumba kati ya mrengo wa kushoto na wa kulia. Kwa maoni yangu wengi wao hawajahama popote. Wanamtoa aliyepo, na anayengoja mlangoni huwa ni wa upande wa pili.

Tazameni Chile, ambako rais haruhusiwi kugombea mihula miwili mfululizo. Bachelet wa kushoto alimkabidhi Piñera wa kulia mwaka 2010, akarudi 2014, akamkabidhi tena 2018. Piñera naye akamwachia Boric wa kushoto 2022. Nani ataamini kwamba taifa zima lilibadili itikadi mara nne ndani ya miaka 12?

Kinachobadilika ni mfuko. Mafuta, shaba na soya hupangiwa bei nje ya nchi hizo. Bei zilipokuwa juu, serikali za kushoto zilipata cha kugawa. Pipa la mafuta lililouzwa zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 lilikuwa chini ya 30 Januari 2016, na mazao na madini mengine nayo yalikuwa yameporomoka. Argentina ikawatoa wafuasi wa Perón, rais wake wa zamani, waliokuwa upande wa kushoto, ikamchagua Macri wa kulia 2015. Mfumuko wa bei ukamshinda, wafuasi hao wa Perón wakarudi 2019, nao ukawashinda: ulikuwa umepita asilimia 140 kwa mwaka wakati Milei wa kulia anachaguliwa Novemba 2023.

Kosa la wachambuzi wengi ni kusoma matokeo ya duru ya pili peke yake, ile ya wawili walioongoza duru ya kwanza. (Wakenya, wenye sharti la nusu ya kura na moja zaidi, wanaijua hesabu hii.) Anzeni na duru ya kwanza. Peru mwaka 2021, Castillo wa kushoto alipata asilimia 19 hivi tu. Katika duru ya pili akashinda kwa kura 44,000 na ushei. Kisha hesabuni viti vya bunge. Chama chake hakikuwa na wingi, na Desemba 2022, alipotangaza kulivunja bunge, wabunge wakamng'oa siku hiyo hiyo.

Mexico haikuyumba 2024. Kima cha chini cha mshahara kwa siku kilikuwa kimepanda kutoka peso 88 mwaka 2018 hadi karibu 249, kasi kubwa kuliko ya bei za dukani, na Sheinbaum, wa chama kile kile cha rais aliyekuwa anaondoka, akapata karibu asilimia 60. Huko duru ya pili hakuna.