Kiti cha mama kwenye The Lion King

Dada wa Nyegezi, unasema unampeleka mama London Desemba kumwona mjukuu, na mngependa viti vizuri vya The Lion King, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, pale ukumbi wa Lyceum. Usisubiri ufike. Hii si kivuko cha Kamanga, unafika, unakata tiketi, unapanda. Ukumbi una viti zaidi ya 2,000, lakini msimu wa Krismasi vile vizuri huwahiwa. Nunua sasa kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe, siku ya katikati ya wiki.

Mama mweke sehemu ya chini ya ukumbi, kiti kinachopakana na njia ya kupita watu. Wimbo wa kwanza ukianza, wanyama huingia kwa njia hiyo hiyo. Mimi tembo alinipita karibu na goti, nikawaona wachezaji ndani yake, mmoja kila mguu, na machozi yakanitoka. Ila epuka safu za nyuma kabisa, roshani iliyo juu yake huficha sehemu ya juu ya jukwaa.

Viti vya chini vikiisha, chukua safu za mbele za roshani ya kwanza. Roshani ya juu kabisa iacheni: ngazi zake ni kali, na umesema magoti yanamsumbua.