Dogo, kazi ya makampuni haikuzuii kutetea watu

Wiki iliyopita dogo mmoja anayefanya field ofisini kwetu kaniuliza, eti wakili ukishazama kwenye mikataba ya makampuni ndo basi tena, haki za watu unawaachia wengine? Hapana jamani, nataka nimjibu hapa na wengine msome.

Mtu aliyenifungua macho ni Bram Fischer wa Afrika Kusini. Kaburu wa kuzaliwa, baba yake jaji, na pale Johannesburg alikuwa anasimamia kesi za makampuni ya madini. Huyohuyo ndo aliongoza utetezi wa Mandela na wenzake kwenye kesi ya Rivonia, ile ya kushtakiwa kwa kutaka kuipindua serikali ya ubaguzi. Oktoba 1963 akaichambua hati ya mashtaka mstari kwa mstari, akaonyesha Mandela anashtakiwa kwa mambo yaliyotokea wakati yeye yuko jela, maana alikamatwa tangu Agosti 1962! Jaji akaifuta hati yote. Serikali ilileta nyingine na Juni 1964 wakafungwa maisha, ila kitanzi walikikwepa.

Mimi hilo la kulinganisha tarehe nililiona kwa mlinzi wa jengo letu. Kaja na barua ya kufukuzwa kazi imekunjwa mara nne, imelowa jasho, inasema alilala lindoni tarehe 14. Nikamwambia lete kila karatasi uliyonayo, kesho yake kaja na mfuko wa rambo, tukamwaga mezani, mle ndani ikatoka fomu ya likizo yenye sahihi ya bosi wake, tarehe 10 mpaka 20 alikuwa Singida anamzika mama yake. Tulimaliza kwenye usuluhishi CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi hapa Tanzania, akalipwa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza hesabu siku, aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu kufika CMA na wengi wanakuja kwetu zimeshapita, inauma sana. Halafu angalia kama huyo mwajiri siyo mteja wa ofisi yenu, kabla hujaahidi chochote. Na faili lake lifungue kama la anayelipa mamilioni.

Fischer mwenyewe alikamatwa 1964, akapewa dhamana aende London kwenye kesi ya kampuni ya dawa, watu wakamsihi abaki hukohuko, akarudi. Wakamfuta uwakili 1965, mwaka uliofuata akafungwa maisha, akafariki 1975. Jina lake lilirudishwa kwenye orodha ya mawakili 2003.

Dogo, Jumatatu saa 3 asubuhi kuna dada wa kazi anakuja na karatasi zake. Njoo tukae wote.