Jokofu la chanjo lisilo na betri

SWALI: Ndugu Mhariri, zahanati yetu imeletewa jokofu la chanjo la umeme wa jua, lakini sikuona betri hata moja. Usiku linapata wapi nguvu? Na je, njia hiyo haiwezi kutupatia umeme wa taa na maji ya moto ya wodi ya wazazi? (Muuguzi, Singida)

JIBU: Ndugu Muuguzi, akiba ipo, ila ni ya barafu. Mchana paneli huendesha kompresa moja kwa moja, nayo hugandisha maji yaliyofungiwa ndani ya jokofu. Jua likishazama, barafu hiyo huyeyuka polepole na kunyonya joto linalopenya kutoka nje, hivyo chanjo hubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kilo moja ya barafu ya nyuzi 0 hunyonya takriban kilojuli 334 hadi iishe kuyeyuka, na joto hilo lingetosha kuyapasha maji yake hadi karibu nyuzi 80. Ndiyo maana majokofu haya hutakiwa kuhimili angalau siku 3 bila jua, tena bila betri za kuchoka na kudai fedha za kuzibadilisha. Nakusihi tu chanjo zikae kwenye vikapu vyake, maana ile ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B huharibika zikiganda.

Umeme pia hupatikana kwa akiba ya namna hiyo, ila ya joto badala ya barafu, na kwa mitambo mikubwa. Huko Ouarzazate, Moroko, kituo cha Noor III cha megawati 150 hutumia vioo kupasha mchanganyiko wa chumvi za nitrati hadi nyuzi 565 hivi, kisha joto lililohifadhiwa tangini huchemsha maji na mvuke wake kuzungusha turbini kwa takriban saa 7 baada ya magharibi. Si kazi nyepesi: mwaka 2024 tangi la chumvi ya moto lilivuja, na kituo kikasimama kwa miezi mingi. Isitoshe, zaidi ya nusu ya joto hupotea linapogeuzwa kuwa umeme, kwa hiyo taa zenu ziachieni betri.

Maji ya wodi ni jambo jingine kabisa, na hapo ningeweka fedha kwanza. Lita 100 zikipashwa na jua kutoka nyuzi 25 hadi 60 hubeba joto la takriban uniti 4 za umeme, na tangi lililofunikwa vizuri litayatunza mpaka alfajiri.