Jino Moja Linauma: Je, Niikatie Familia Nzima Bima ya Meno?

SWALI: Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mume wangu ni mwalimu, na wote wanne tuko kwenye kadi yake ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) pamoja na watoto wetu wa miaka 6 na 9. Wakala ananishawishi nikate bima ya nyongeza ya meno: shilingi 12,000 kwa mwezi kwa kila mtu, inalipa asilimia 80 ya gharama, kikomo 300,000 kwa mtu kwa mwaka, na matibabu makubwa ni baada ya miezi sita. Nina gego la chini linaloniuma nikinywa maji ya baridi. Nikate?
*Msomaji, Kirumba, Mwanza*

JIBU: Dada yetu, kwa ajili ya jino hilo, usikate. Jino linalouma leo halingoji miezi sita, na fomu za bima kwa kawaida huuliza kama una tatizo lililokuwapo kabla hujajiunga. Ukilificha, daktari akaandika kuwa tobo ni la siku nyingi, madai yanakataliwa. Ukilitaja, huenda jino hilo likaachwa nje ya mkataba.

Anza na kadi uliyonayo. Huduma za kinywa na meno zimo kwenye kitita cha NHIF, kwa hiyo nenda hospitali ya Sekou Toure wiki hii, usisubiri mwisho wa mwezi. Kabla ya kwenda, lisikilize jino lenyewe. Maumivu yakikatika mara tu umemeza maji, mara nyingi kuziba kunatosha. Yakiganda kwa dakika kadhaa, yakichochewa na chai ya moto au yakikuamsha usiku, uozo umekaribia au umeingia kwenye kiini cha jino, na hapo mazungumzo yanakuwa ya kutibu mzizi (kusafisha kiini kilichooza na kukiziba) au kung'oa. Gego lililotibiwa mzizi hupasuka kirahisi wakati wa kutafuna, ndiyo maana huvishwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulikinga. Kofia hiyo ni ghali, na mikataba mingi huikwepa. Kuziba mapema ni nafuu kuliko bima yoyote utakayouziwa.

Sasa hesabu. Shilingi 12,000 kwa miezi 12 ni 144,000 kwa mtu, 576,000 kwa nyote wanne. Kwa kuwa wanalipa asilimia 80, mtu mmoja lazima atibiwe kwa 180,000 ndani ya mwaka ndipo arudishe alichotoa. Tena iwe gharama ambayo NHIF isingeilipa, la sivyo unalipia kitu kilekile mara mbili. Kwa familia ambayo mwaka mzima itahitaji kuziba jino moja au mawili, hesabu hiyo haifiki.

Bima ya nyongeza tungeitetea kwa mtu mmoja tu: yule aliyeambiwa na daktari kwamba mwakani atahitaji kofia au meno ya bandia, na mkataba ukayataja kwa jina. Mdai wakala mkataba wenyewe, si kipeperushi, usome ukurasa wa yasiyolipiwa. Kisha nenda mapokezi ya kliniki iliyo kwenye orodha ya kampuni uulize kama kadi ya bima hiyo inapokelewa kwa kutibu mzizi au kwa kung'oa tu. Kampuni iwe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Mtoto wa miaka 6 mchungulie nyuma kabisa ya meno ya utotoni. Hapo huota gego la kwanza la kudumu bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi huliacha lioze wakidhani litabadilika. Mwombe daktari alizibe mapema vijifereji vya juu, pale linapotafunia.

SWALI: Nina bima ya meno ya kazini. Nilitibiwa mzizi Mwanza mjini nikalipa mwenyewe, madai yamerudishwa bila kulipwa. Kosa ni lipi?
*Msomaji, Nansio, Ukerewe*

JIBU: Mara nyingi ni mambo matatu. La kwanza ni kibali: kutibu mzizi kwa kawaida huhitaji idhini ya bima *kabla* ya kazi kuanza. La pili ni namba ya jino. "Gego la chini" haitoshi. Fomu inataka namba, kwa mfano 36, ambalo ni gego la kwanza la chini kushoto, na picha ya eksirei ioneshe jino hilohilo. La tatu ni risiti: iwe ya EFD (mashine ya risiti ya TRA), yenye jina kama lilivyo kwenye kadi.

Namba na nakala ya picha unaweza kuviomba kliniki kwa simu, usivuke ziwa kwa ajili ya karatasi moja. Kama kilichokosekana ni kibali, mwombe daktari aandike kuwa ilikuwa dharura, ikiwa kweli ilikuwa hivyo, na uwasilishe upya kabla muda wa madai ulioandikwa kwenye mkataba haujaisha. Wakikataa tena, dai sababu kwa maandishi. Barua hiyo ndiyo utakayoipeleka TIRA.