Taliban na Pakistan si walikuwa kitu kimoja?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nauza mitumba Mbuyuni hapa Moshi, kijiweni kwetu kila jioni ni kahawa na ubishi. Mwezi wa 10 mwaka 2025 Pakistan na Afghanistan walitwangana mpakani, sasa hawa si dini moja? Na Taliban, hao wanaotawala Afghanistan, si walibebwa na Pakistan wenyewe? Kuna jamaa anasema Waafghani wameumbwa kwa vita tu, ni kweli?

JIBU: Huyo jamaa apunguze kahawa kidogo. Chini ya mfalme Zahir Shah, 1933 mpaka 1973, miaka 40 hiyo, nchi ilikuwa imetulia kwa sehemu kubwa na hata Vita ya Pili ya Dunia hawakuingia. Balaa lenyewe limekuja baadae, Mrusi kaingia Desemba 1979 katoka Februari 1989, afu wenyewe kwa wenyewe, afu Mmarekani 2001 hadi 2021.

Ila ugomvi na Pakistan ni wa mpaka na Taliban wameukuta. Mwaka 1893 Mwingereza Mortimer Durand, wakati huo India ni yao na Pakistan ya leo iko ndani yake, alikubaliana na mtawala wa Afghanistan kule Kabul, amiri Abdur Rahman Khan, ukachorwa mstari wa kama kilomita 2,600 ukapasua katikati kabila la Wapashtuni, na leo Wapashtuni wengi zaidi wako upande wa Pakistan. We mtu wa Kaskazini hii unaijua, fika tu Namanga uone Wamasai, mjomba Kajiado, shangazi Longido. Tofauti ni kwamba Afrika mwaka 1964 kule Cairo tulikubaliana mipaka ya mkoloni ibaki ilivyo (Nyerere alilisimamia sana hilo), Kabul wao hawajakubali mpaka kesho. Pakistan ilipoomba kuingia Umoja wa Mataifa 1947 nchi iliyopiga kura ya hapana ilikuwa moja tu, Afghanistan, Waislamu wenzao na majirani kabisa! Kwahiyo dini iweke pembeni.

Kubebwa ni kweli walibebwa, serikali yao ya kwanza ya 1996 ilitambuliwa na nchi tatu tu na Pakistan ikiwemo, lakini hata hapo mstari wa Durand waligoma kuutambua. Taliban wengi ni Wapashtuni, sasa nani ataweka saini ya kuwakata ndugu zake? Pakistan nao wakaanza kujenga uzio 2017, na mwisho wa 2023 wakaanza kuwarudisha Waafghani wasio na karatasi, wengine wamezaliwa hukohuko. Kinachochoma zaidi ni Taliban wa Pakistan, kundi la 2007 linaloua askari wa Pakistan, serikali ya Pakistan inasema wanajificha Afghanistan, Kabul inakataa, na hiyo ndo iliyolipuka Oktoba mpaka Qatar na Uturuki wakawakalisha chini Doha.

We mfanyabiashara utaielewa haraka, geti la mpakani la Torkham lilipofungwa maroli yalipanga foleni pande zote mbili na nyanya Pakistan zikapanda bei vibaya mno.