Kabla ya Kuandika Kwamba Mjini Wanaugua Zaidi: Kwa Wanaoanza Kusajili Saratani ya Mapafu

Ndugu uliyepangiwa kazi ya usajili wa saratani, iwe hapa Malindi au kule Lamu, faili ninayotaka uijue kwanza ni ile ambayo nafasi ya makazi ilikuwa imejazwa kwa neno moja tu: "Shela". Nilikuwa mgeni kazini wakati huo. Mgonjwa alikuwa mzee aliyegunduliwa saratani ya mapafu huko Mombasa, na kwa kuwa dawati langu lilikuwa Malindi, nilimwandika kuwa mkazi wa Malindi mjini bila ya kuuliza. Kumbe alikuwa mtu wa Shela ya Lamu, kijiji cha mchangani ambako mizigo hubebwa na punda, wala si Shela ya kwetu yenye hoteli, tuktuk na barabara ya lami. Kosa hilo lilikaa katika rejista karibu mwaka mzima, mpaka mwanawe alipokuja kutafuta karatasi za babake akataja kwamba walisafiri kwa mashua na basi kufika hospitalini. Kwa neno moja nilikuwa nimeipunguzia Lamu mgonjwa na kuiongezea Malindi, na katika maradhi ambayo kaunti ndogo huandika wagonjwa wachache sana kwa mwaka, mgonjwa mmoja hubadilisha picha nzima.

Nalitanguliza hilo kwa sababu swali utakaloulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote, ofisini na hata barazani, ni kama saratani ya mapafu iko zaidi mjini au mashambani. Ukifungua rejista utaona mji umejaa na mashamba yako matupu, na utashawishika kujibu papo hapo. Nakusihi usijibu haraka. Tofauti unayoiona kwenye karatasi imechanganya mambo mawili: tofauti ya maradhi yenyewe, na tofauti ya nani aliyefika akapimwa, kisha akaandikwa mahali anapotoka kweli. Hilo la pili liko mikononi mwetu, na usipolisafisha, la kwanza halitaonekana kamwe.

Dunia yenyewe haina jibu moja. Nchini Uingereza, katikati ya karne iliyopita, miji ya viwanda iliongoza kwa vifo vya saratani hii. Uchunguzi wa Stocks na Campbell uliochapishwa mwaka 1955 uliulinganisha mji wa Liverpool na vijiji vya Wales ya Kaskazini, ukajaribu kutenganisha sehemu ya sigara na sehemu ya hewa chafu ya mjini. Nchini Marekani leo mambo yamegeuka: watu wa mashambani ndio wanaougua na kufa zaidi, na jimbo la Kentucky, ambalo kwa vizazi vingi limelima tumbaku, limekuwa miongoni mwa yaliyoathirika vibaya kupita yote. Mijini watu waliacha sigara mapema zaidi, na skani za CT za kuwapima wavutaji wa muda mrefu ziko karibu nao. Kisha kuna Xuanwei, katika mkoa wa Yunnan nchini China, eneo la wakulima ambako wanawake wasiovuta sigara walionekana kuugua kwa kiwango cha kutisha, kwa sababu walikuwa wakichoma makaa ya mawe yenye moshi mzito ndani ya nyumba zisizo na bomba la kutolea moshi. Familia zilizojengewa majiko yenye bomba zilifuatiliwa kwa miaka mingi, na hatari ikaonekana kupungua. Kwa hiyo mji si maradhi wala shamba si kinga. Uliza ni moshi gani mtu amevuta, kwa miaka mingapi, na mahali pa kumpima pako umbali gani.

Kumbuka pia uzito wa jambo lenyewe. Mwaka 2022 saratani ya mapafu ilikadiriwa kuwapata watu wapya karibu milioni 2.5 duniani na kuua takriban milioni 1.8, zaidi ya saratani nyingine yoyote. Shirika la Afya Duniani husema asilimia 85 hivi ya wagonjwa wanatokana na uvutaji wa tumbaku. Hapa Kenya iko chini ya saratani za matiti, mlango wa kizazi, tezi dume na umio, na ndiyo sababu wageni wengi huipitia juujuu wanapojaza fomu. Mimi naona uchache huo ndio unaotaka uangalifu mkubwa zaidi.

Sasa mfuate mgonjwa wa mashambani kutoka mwanzo, kwa maana hapa ndipo idadi inapopotelea. Mtu wa Baricho au Adu anaanza kukohoa. Anakwenda zahanati, anapewa dawa za kuua vijidudu, kikohozi kinapoa kidogo kisha kinarudi. Anapimwa makohozi, hakionekani kitu, lakini eksirei ina doa, mwili umekonda na anatoka jasho usiku, kwa hiyo anaanzishiwa matibabu ya kifua kikuu. Simlaumu mhudumu aliyefanya hivyo, kwa sababu kifua kikuu ni kingi kwetu, kinatibika, na dalili za maradhi haya mawili zinafanana mno. Lakini matibabu hayo ni ya miezi 6, na saratani haisubiri. Inapobainika kwamba hapati nafuu, anaambiwa aende Mombasa akapigwe skani na kutolewa kipande cha nyama kikapimwe maabara. Hapo familia inakaa kitako kuhesabu nauli, gharama ya vipimo, na nani atakayemsindikiza. Wengine wanaahirisha mpaka mavuno. Wengine hawaendi kabisa, na mzee anafia nyumbani, anazikwa siku hiyohiyo kama ilivyo desturi yetu, na naibu chifu anajaza fomu ya kifo kwa maneno aliyoambiwa na jamaa: "kifua".

Mtu wa Malindi mjini akiwa na kikohozi hichohicho anaweza kupigwa eksirei leo, akapanda basi la Mombasa alfajiri ya kesho na kulala nyumbani kwake usiku. Yeye ataingia katika rejista yetu akiwa na jibu la maabara. Yule wa Adu hataingia, au ataingia kama mgonjwa wa kifua kikuu ambaye matibabu yake hayakufaulu. Kwa sababu hiyo nimejizoesha, kila mwezi, kuomba orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu waliopita umri wa miaka 50 ambao makohozi yao hayakuonyesha kitu na ambao walimaliza dawa bila nafuu, au walifariki katikati. Si wote wana saratani, wala usiwaandike hivyo. Lakini orodha hiyo ukimpelekea tabibu na kumwomba awatazame tena, utakuwa umefanya jambo kubwa kuliko jedwali lolote utakalochora, kwa maana baadhi yao bado wako hai.

Kuhusu makazi, usiulize "Unaishi wapi?" peke yake. Mgonjwa aliyefikia kwa bintiye huko Kisauni, Mombasa, atakutajia Kisauni, naye hasemi uongo, ndipo anapolala siku hizi. Uliza: "Kabla hujaanza kuugua, mzee, ulikuwa ukikaa wapi?" Kisha taka jina la kata ndogo, la chifu, au la skuli iliyo karibu, uandike pamoja na kaunti. Kanuni ya usajili ni kuandika mahali ambapo mtu alikuwa akiishi kwa kawaida maradhi yalipogunduliwa, wala si mahali anapotibiwa.

Lakini kuna swali la pili ambalo fomu haikulazimishi kuliuliza, nami nakuomba uliulize. Saratani ya mapafu huchukua miongo tangu mtu aanze kuvuta moshi hadi uvimbe uonekane. Mzee aliyefanya kazi bandarini Mombasa kwa miaka 30, akipumua moshi wa dizeli na kuvuta sigara na wenzake, kisha akarudi Garashi kulima mihogo, ataandikwa Garashi, na ni sahihi kumwandika hivyo. Hata hivyo maradhi yake huenda yalianza kujengeka bandarini. Andika historia hiyo katika nafasi ya maelezo, kwa sababu bila hiyo atakuja mtu siku moja aitafute sababu katika udongo wa Garashi.

Sigara nayo ina adabu yake. Usimuulize baba wa watu mbele ya mwanawe au mkwewe, hasa Lamu, kwa maana wengi wamevuta kwa kujificha maisha yao yote na hawatakiri hapo. Omba nafasi mkae wawili. Wala usiulize kama anavuta, uliza kama amewahi kuvuta, kwa kuwa karibu kila mgonjwa amekwisha kuacha kwa sababu ya kikohozi na atakujibu "la" kwa moyo safi. Wengi wetu hununua sigara mojamoja dukani, kwa hiyo hesabu ya pakiti huwachanganya. Uliza ni ngapi kwa siku, ukizingatia kwamba pakiti ni sigara 20: aliyevuta 5 kila siku kwa miaka 40 amefikisha sawa na pakiti moja kwa siku kwa miaka 10. Na tumbaku ya kutafuna au ya kunusa iandike mbali na ya kuvuta, kwa sababu madhara yake makubwa yako kinywani na kooni zaidi kuliko mapafuni.

Nilipata kufuatana na mhamasishaji wa afya ya jamii hadi nyumba moja nyuma ya Marafa. Jiko lilikuwa kibanda cha makuti chenye mlango mfupi na hakina dirisha, mafiga matatu yako katikati, na masizi yalikuwa yananing'inia darini kama nyuzi nene nyeusi zilizoshikana. Mama mwenye nyumba alikuwa akisonga sima huku amegeuza uso pembeni, macho yanamtoka machozi, na mjukuu amembeba mgongoni. Alituambia amepika pale tangu alipoolewa. Katika fomu yetu mama huyo ni "havuti", basi, na mstari umekwisha. Tangu siku hiyo naandika pia kuni, makaa, vifuu au gesi, na kama jiko liko ndani au nje. Usizidishe lakini: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limethibitisha kwamba moshi wa makaa ya mawe ndani ya nyumba husababisha saratani ya mapafu, na mwaka 2013 lilisema hivyohivyo kuhusu uchafuzi wa hewa ya nje, ilhali moshi wa kuni limeuweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha. Makaa yetu ya miti si makaa ya mawe ya Xuanwei. Andika ulichokiona, hukumu iache kwa watakaolinganisha.

Angalia pia usihesabu saratani iliyohamia mapafuni kuwa imeanzia humo. Mama mwenye saratani ya matiti iliyosambaa ataletwa na eksirei ya kifua na maneno "saratani ya mapafu" juu ya bahasha. Katika alama za orodha ya kimataifa ya maradhi (ICD-10), iliyoanzia mapafuni ni C34, iliyohamia ni C78.0, na ukiwa na shaka rudi kwa daktari kabla ya kuandika.

Utakapofika kwenye hesabu, kumbuka jinsi tulivyo wachache. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti ya Lamu nzima ilikuwa na watu 143,920, na Kilifi, kaunti yenye Malindi yetu, 1,453,787. Tuseme tarafa ina watu 40,000 na umepata wagonjwa 2: hicho ni kiwango cha 5 kwa kila watu 100,000. Mwaka unaofuata ukipata mmoja, kimekuwa 2.5, na mtu atasema maradhi yamepungua nusu. Hayakupungua. Kusanya miaka mitano ndipo uzungumze. Na usilinganishe mji na shamba bila ya kusawazisha umri, yaani kuhesabu kana kwamba pote pana vijana na wazee kwa uwiano mmoja, kwa sababu vijana huja mjini kutafuta kazi na wazee hurudi kijijini, na saratani hii ni ya watu wazima. Hii ndiyo hesabu niliyoiruka katika taarifa yangu ya kwanza, ikabidi niiombe irudishwe baada ya kuwa imesomwa mkutanoni.

Kazi hii ina haja kubwa kuliko inavyoonekana kutoka mezani. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ulipopangwa kujengwa Kwasasi, watu wa Lamu walihofia hewa yao, na mwezi wa Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni yake. Lakini fikiri kama ungejengwa. Baada ya miaka 30 mtu angeuliza kama maradhi ya mapafu yameongezeka, na angehitaji kujua yalikuwa mangapi kabla. Rejista yenye mzee wa Lamu aliyeandikwa Malindi isingemfaa kitu.

Faili mpya za kutoka Mombasa zitafika wiki ijayo. Zitenge kwanza zile ambazo nafasi ya makazi ina neno moja tu, chukua simu, uwapigie jamaa mmoja baada ya mmoja. Piga baada ya alasiri, wakati watu wametoka baharini na shambani, na uanze kwa kuuliza hali ya mgonjwa, kwa maana baadhi yao watakuwa wamekwisha kumzika.