Re: Mbwa gani wa kukaa naye kwenye van?

Salaam ndugu. Umeuliza uchukue bulldog au mbwa wa kienyeji, na mtaishi kwenye van miezi mingi toka Mombasa hadi bara. Angalia joto kwanza. Mbwa hujipoza kwa kuhema, sasa bulldog na pua yake fupi, kwa jua na unyevu huu wa pwani ndani ya gari, atateseka sana, tafadhali usimfanyie hivyo. Wangu ni wa kienyeji, manyoya mafupi, nilimchukua ashakua, nikamzungusha garini kwanza nione kama anatapika. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, cheti kiwe garini. Na mbuga za KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) kama Tsavo haziruhusu mbwa, panga mapema mtalala wapi.